Siku Kumi na Mbili India, na Salamu Kutoka Kanyigo

Siku ya 1: Dar es Salaam – Mumbai – Chennai

Kabla sijaondoka Bukoba, mama mmoja wa Kanyigo alinijia na kopo tupu la plastiki, jeupe, maandishi yamefutika nusu. Amelitunza tangu 2005. Ndilo lililobeba dawa zake za kwanza za kufubaza virusi. "Sista," aliniambia, "ukifika huko zinakotengenezwa, wasalimie. Waambie yule wa Kanyigo bado yupo." Nikalifunga kwenye kanga, nikaliweka katikati ya nguo.

Nimekuja kwa mahafali ya mtoto wa kaka yangu, anayemaliza ufamasia Pune. Nimefika mapema makusudi. Nilimwomba anipe siku kumi na mbili anizungushe, kwa sababu nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka thelathini na nyingi ya miaka hiyo imepita kwenye UKIMWI. Mkoa wangu wa Kagera ndiko wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983. Tulikuwa tunauita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuja kwa magendo kutoka Uganda. Nilitaka kuona taifa kubwa kama hili, ambalo sensa ya 1991 ilihesabu watu milioni 846, lilipokeaje ugonjwa uleule.

Leo ni ndege mbili na usingizi.

Siku ya 2: Chennai

Bajaji za hapa ni zilezile za kwetu, ila zote za njano. Ilitushusha Chuo cha Tiba cha Madras (ndilo jina la zamani la Chennai), kinachotazamana na stesheni kuu ya treni. Sikuwa na miadi na mtu. Nilitaka tu kusimama pale.

Mwishoni mwa 1985, mhadhiri wa mikrobiolojia wa chuo hiki, Dk. Suniti Solomon, alimpa mwanafunzi wake Sellappan Nirmala kazi ya tasnifu: atafute VVU India. Wengi waliona ni kupoteza muda. Magazeti yalikuwa yakiandika kwamba huu ni ugonjwa wa nchi za Magharibi zilizopotoka, na kwamba Mhindi analindwa na maadili yake. Niliposoma hilo nilikumbuka nyumbani. Sisi tulisema ni wa Waganda. Wa ng'ambo ya mpaka. Wa wafanya magendo. Kila mahali ulipofika, ulikuwa wa mtu mwingine kwanza.

Nirmala alikuwa na miaka 32 na watoto wawili wadogo. Chennai haikuwa na mtaa mmoja unaojulikana kwa biashara ya ngono, kwa hiyo alianza na wanawake waliokuja hospitali kutibiwa magonjwa ya zinaa, nao ndio waliomwonyesha njia ya kufika kwenye nyumba ya mahabusu walikopelekwa wenzao waliokamatwa. Mumewe alikuwa akimpeleka kwa skuta ili waokoe nauli ya basi. Hakuwa na glavu. Kwa miezi mitatu akakusanya sampuli 80, akazihifadhi kwenye friji ya nyumbani kwake, hapo hapo na chakula cha wanawe.

Kijana wangu akasema, "Shangazi, huo ni ujasiri." Ni kweli. Nami nilitoa damu bila glavu mwaka 1988, si kwa ujasiri, kwa kuwa hazikuwepo.

Siku ya 3: Vellore

Treni ya asubuhi hadi Katpadi, saa mbili hivi, kisha bajaji mpaka Vellore. Shamba za mpunga, minazi, na vilima vya mawe vinavyonikumbusha Mwanza.

Februari 1986 Nirmala na mumewe walipita njia hii usiku, na kasha la barafu lenye sampuli. Chennai haikuwa na kipimo. Chuo cha Kikristo cha Tiba hapa Vellore kilikuwa nacho. Mtaalamu wa virusi Jacob John aliwapa vijana wake wawili wawasaidie. Kipimo cha ELISA kinabadilika rangi kikikuta kingamwili, na pale vijishimo sita viligeuka njano. Walipima tena. Wakachukua damu upya, ikapelekwa Marekani kuthibitishwa. Mwezi Mei waziri wa afya akalitangazia bunge kwamba VVU vimo India.

Nilikaa kwenye benchi la nje ya hospitali muda mrefu, watu wanapita na mafaili yao mikononi, na sikuwa nawaza maabara. Nilikuwa nawaza wale sita. Nirmala mwenyewe amesema baadaye kwamba hakuwaambia anapima nini. Wao walidhani ni magonjwa ya zinaa ya kawaida. Sithubutu kumlaumu, enzi hizo hata sisi hatukuwa na neno "ushauri nasaha". Lakini wanawake wale ndio waliotoa damu iliyoamsha nchi nzima, na malipo waliyopata ni kufuli. Katika jimbo hili la Tamil Nadu wanawake waliokutwa na VVU waliendelea kushikiliwa hata baada ya vifungo vyao kwisha, mpaka mwandishi wa habari Shyamala Nataraj alipopeleka shauri Mahakama Kuu ya Madras, ndipo wakaachiwa mwaka 1990.

Majina yao hayakuandikwa popote ninapojua, na pengine ni heri. Lakini mimi leo nimewakumbuka.

Siku ya 4: Tambaram

Nimeamshwa na moshi. Ni mkesha wa sikukuu ya mavuno, Pongal, na watu huchoma vitu vya zamani mlangoni alfajiri: mikeka, vikapu, nguo zilizochakaa. Jiji zima linakohoa.

Tulipanda treni ya mjini hadi kituo kinachoitwa Tambaram Sanatorium. Hospitali hii ilianza mwaka 1928 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, na UKIMWI ulipokuja ukawafuata hapo hapo, maana magonjwa hayo mawili hutembea pamoja, muuguzi yeyote anajua. Tarehe 1 Aprili 2004 serikali ya India ilianza kutoa dawa bure katika hospitali nane, na hii ikiwa mojawapo. Kwetu zilianza bure mwaka huohuo. Sikulijua hilo. Siku zote nilidhani wao, wenye viwanda, walikuwa wamemeza zamani.

Miti ya kivuli, majengo ya chini yaliyoachana ili hewa ipite, na mpishi anamwaga chai kutoka kikombe cha juu hadi cha chini bila kudondosha tone. Hatukukaa.

Siku ya 5

Pongal yenyewe. Kila kitu kimefungwa. Mbele ya milango wanawake wamechora maua kwa unga wa mchele. Wenyeji wa nyumba tuliyopanga walitupa wali mtamu wa sukari guru na maziwa. Nimefua, nimelala.

Siku ya 6: ndani ya treni ya Kolkata

Kilomita zaidi ya 1,600, na zaidi ya saa ishirini na tano. Mimi nimepata kitanda cha chini, kijana kapanda juu.

Mchana kutwa tulipita Andhra Pradesh: mashamba ya pilipili, na barabara kuu inayokimbia sambamba na reli, malori yamepambwa maua na macho yamechorwa mbele. Barabara hizi zilibeba virusi kama barabara yetu ya Mutukula ilivyovibeba. Dereva na utingo wake wako mbali na nyumbani wiki kwa wiki, wanalala palipo na chakula na kitanda. Kusini mwa India, tofauti na kaskazini-mashariki, maambukizi yalipita zaidi kwa njia ya ngono: kutoka kwa mwanamke anayeuza, hadi mteja, hadi mke wa mteja aliyeko kijijini ambaye hajawahi kufanya kosa lolote. Ndiyo maana waliojua kazi yao hawakuhangaika kuhubiria watu milioni mia nane wote kwa sauti moja. Walikwenda penye moto. Jimbo la Tamil Nadu liliunda chombo chake cha kudhibiti UKIMWI mwaka 1994, likakipa uhuru wa kutumia fedha bila kusubiri makaratasi ya idara, na majimbo mengine yakaiga. Kati ya 2000 na 2004 maambukizi ya wajawazito vijana katika majimbo ya kusini yalipungua kwa karibu theluthi.

Jioni tulivuka mto Godavari. Daraja ni refu hata nikadhani tumefika baharini. Abiria walirusha sarafu majini kupitia dirishani.

Kitanda cha mbele yangu alikaa binti anayesomea uuguzi, mwenyeji wa Manipur, jimbo dogo linalopakana na Myanmar. Alipojua kazi yangu hakuniacha. Kwao, alisema, VVU havikuja kwa ngono. Vilikuja kwa sindano. Heroini ilivuka mpaka Moreh, rahisi kuliko bia, vijana wakaanza kujidunga, sindano moja kundi zima. Mwaka 1989 na 1990, ndani ya miezi michache tu, maambukizi kati ya waliokuwa wakijidunga yaliruka kutoka karibu sifuri hadi kama nusu yao. Mwanzoni waliwafunga gerezani. Wazazi wengine waliwafunga wanao minyororo nyumbani. Baadaye, mwaka 1996, jimbo likapitisha sera iliyokubali kuwapa sindano safi, jambo ambalo hata leo ukilitaja kwenye mkutano wa kijiji kwetu utazomewa. Nilimweleza kwamba Muhimbili walianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, mwaka 2011. Akaliandika kwenye daftari.

"Mjomba wangu alikuwa mmoja wao," akasema, akazima taa ya kichwani.

Siku ya 7: Balasore – Kolkata

Alfajiri treni ilipunguza mwendo na behewa zima likanyamaza. Mzee mmoja akakutanisha viganja. Ni hapa karibu na Balasore ambapo Juni 2023 treni hii hii ya Coromandel iligonga treni ya mizigo na watu zaidi ya 290 wakafa. Nikasali Baba Yetu polepole.

Nimekuwa nikizirudia namba usiku. Mwaka 2002 wapelelezi wa Marekani walitabiri kwamba kufikia 2010 India itakuwa na watu milioni 20 hadi 25 wenye VVU. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukakadiria milioni 5.7, ikasemwa India imeipita Afrika Kusini. Kisha Julai 2007 hesabu ikashushwa hadi milioni 2.5 hivi. Hawakuwa wamepona watu milioni tatu kwa usiku mmoja. Makadirio ya mwanzo yalitegemea sana damu ya wajawazito na wagonjwa wa hospitali za umma, na hao si picha ya nchi nzima. Ulipofanyika uchunguzi wa kaya kwa kaya, damu ya watu zaidi ya 100,000 ikipimwa, ukweli ukaonekana mdogo kuliko hofu.

Kijana anasema hapo ndipo watu husema, "Kumbe haikuwa shida kubwa." Nilimjibu kwa ukali kidogo, nikajutia baadaye. Milioni mbili na nusu si ndogo. Na utabiri ule haukugeuka uongo wenyewe tu; kuna watu walifanya kazi.

Siku ya 8: Sonagachi

Hawa ndio nilitaka kuwaona.

Sonagachi ni mtaa wa zamani wa Kolkata, nyumba za ghorofa tatu nne zenye roshani za chuma, vichochoro vyembamba, nyaya za umeme kama nywele zisizochanwa. Ni mojawapo ya mitaa mikubwa ya madanguro Asia. Kijana alikuwa ameandikia chama cha wanawake wa hapa, Durbar Mahila Samanwaya Committee, wakakubali tuje mchana, bila kamera. "Durbar" kwa Kibengali ni kitu kisichozuilika.

Alitupokea mama mwenye nywele nyeupe, sari ya pamba, miwani imefungwa kwa uzi. Amekuwa mwelimishaji rika tangu mwanzo kabisa. Hapa hawaiti mtu jina tupu. Mkubwa ni *didi*, dada mkubwa. Mimi nilimzidi miaka miwili, basi naye akaniita hivyohivyo.

Mwaka 1992 daktari wa magonjwa ya jamii, Smarajit Jana, alikuja hapa kutoka taasisi ya serikali ya afya. Wanawake waliokuwa wakitumia kondomu kila mara hawakufika hata watatu kwa mia. Mama huyu alisema walishazoea madaktari: wanakuja, wanachukua damu, wanaondoka. Jana aliuliza swali ambalo hawakulizoea: mna shida gani? Wakamwambia: polisi. Wakopeshaji wanaowanyonya riba mpaka deni halina mwisho. Watoto wanaokataliwa shuleni. UKIMWI haukuwemo kwenye orodha.

Akaamua kuichukulia hii kama afya kazini, kama ya mchimba mgodi au mfua chuma. Na waelimishaji hakuwaleta kutoka nje. Aliajiri wanawake wa hapa hapa, akawapa koti la kijani kama la wahudumu wa afya na mshahara mdogo. Mama alisimama akanionyesha jinsi alivyotembea siku ya kwanza na lile koti, kidevu juu. "Polisi yule aliyekuwa ananipiga," alisema, "alinisogezea njia."

Nikamuuliza kuhusu kondomu. Akanyoosha vidole viwili, akaviweka pembeni kwa pembeni. Chumba hiki na chumba kile. Mteja akikataliwa hiki, anaingia kile. Kwa hiyo mmoja akijua hatari haimsaidii kitu, atalala njaa tu. Ni lazima vyumba vyote vikatae pamoja, na hilo halifanywi na bango la ukutani. Linafanywa na jirani anayekugongea mlango kila asubuhi, anayejua deni lako na jina la mwanao. Hadi mwishoni mwa muongo ule, wengi mno walikuwa wakitumia. Maambukizi ya hapa yalibaki chini ya mtu mmoja katika kumi, wakati Mumbai yalikuwa yamevuka nusu ya wanawake waliopimwa.

Kisha benki yao. Mwaka 1995 walitaka kusajili ushirika wa akiba na mikopo, Usha. Sheria ilitaka wanachama wawe watu wa tabia njema. Walishauriwa wajiandikishe kama mama wa nyumbani. Wakagoma. Waliandikwa walivyo, na ni serikali iliyolegeza. Nilipenda hapo kuliko mahali pote. Mwanamke asiyedaiwa ana nguvu ya kumwambia mteja hapana. Sijui dawa ya kinga inayoishinda hiyo.

Dk. Jana alifariki Mei 2021 kwa Uviko. Mama alipomtaja alivua miwani.

Kisha akaniuliza, kijana akatafsiri huku akiangalia chini: "Na wewe, *didi*, miaka ile, wagonjwa wako ulikuwa unawagusa?"

Nikasema ukweli. Miaka miwili ya kwanza, hapana.

Hakunijibu. Alimimina chai kwenye vikombe vidogo vya udongo, akavunja kipande cha *sandesh*, kitamu cha maziwa na guru ya mtende ya msimu huu, nusu akanipa, nusu akala yeye.

Siku ya 9: Kolkata

Mvua nyepesi na ukungu. Miguu imevimba. Nimebaki chumbani, kijana kaenda kununua vitabu.

Siku ya 10 na 11: ndani ya treni ya Mumbai

Karibu kilomita 2,000, India yote kwa upana wake. Misitu, vumbi jekundu, migodi, kisha pamba.

Kijana alinisomea habari za Dominic D'Souza wa Goa. Alikuwa mchangiaji damu wa mara kwa mara, kijana wa miaka ishirini na kitu. Tarehe 14 Februari 1989 polisi walimchukua, wakamfungia kwenye iliyokuwa hospitali ya kifua kikuu, peke yake, siku 64, kwa sababu damu aliyoitoa kwa hiari ilikutwa na VVU na sheria ya afya ya Goa iliruhusu kumtenga. Mama yake na mawakili walikwenda mahakamani. Alipotoka hakujificha, alianzisha shirika la watu wenye virusi, akafariki 1992. Ilichukua hadi 2017 bunge la India kutunga sheria inayokataza kumbagua mtu kwa VVU, nayo ikaanza kutumika Septemba 2018. Kitu kingine kilichobadilika ni damu yenyewe: wale waliokuwa wakiishi kwa kuuza damu walikatazwa kwa amri ya Mahakama ya Juu, kuanzia Januari 1998.

Usiku nikamweleza kijana yale ambayo kaka yangu hayajui. Kwenye wodi niliyoanzia, katika hospitali ambayo sitaitaja, kitanda cha mwisho karibu na choo kilikuwa cha "wale". Sahani zao zilichorwa msalaba mwekundu chini. Chakula tulikisukuma sakafuni kwa mguu mpaka kizingitini. Mimi nilisukuma. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, aliyekuwa akisema "asante, sista" kila mara, kwa sauti ileile, kwa sahani iliyosukumwa kwa mguu. Alikufa mwezi wa tatu. Nilianza kuwagusa baada yake.

Kijana alikaa kimya. Kisha akashuka kitandani, akaniletea maji.

Siku ya 12: Mumbai

Tulikwenda Mumbai Central. Eneo hili kampuni ya dawa ya Cipla ilikuwa na makao makuu yake kwa miaka mingi, na hatua chache tu kutoka hapo ni Kamathipura, mtaa wa madanguro ambao ulipigwa na UKIMWI kuliko Sonagachi. Kiwanda cha dawa na mtaa wa wagonjwa, anwani moja ya posta. Miaka ile wanawake wa mtaa huu walikufa bila dawa, dawa zikiwa jirani.

Sheria ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya India ya 1970 haikulinda dawa yenyewe, ililinda njia tu ya kuitengeneza. Kampuni ikipata njia nyingine, ruksa. Ndiyo iliyoiwezesha Cipla kuunganisha dawa tatu katika kidonge kimoja. Februari 2001 mwenyekiti wake, Yusuf Hamied, alitangaza kuliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, chini ya dola moja kwa siku. Dawa za kampuni kubwa wakati huo zilikuwa dola 10,000 na zaidi. Mimi niliposikia hiyo habari kwenye redio sikuamini. Kwetu kwa dola elfu kumi unazika kijiji.

Kidonge kile hakikuwa laini. Stavudini iliyokuwemo iliwachoma nyayo, ikawakausha mashavu, na mwishoni mwa 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iachwe. Mama wa Kanyigo alikimeza miaka mitano huku akilala na miguu ndani ya beseni la maji baridi. Alikimeza hata hivyo.

Kwenye lango la makao yale kulikuwa na mlinzi mzee mwenye masharubu. Nilitoa kopo kwenye kanga, kijana akamweleza kwa Kihindi: limetoka Tanzania, mwenye kopo yu hai, anawasalimu. Mlinzi alilishika kwa mikono miwili, akalisoma kwa shida, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akalirudisha na kusema jambo. Kijana akatafsiri: "Anasema na yeye amsalimie. Anauliza ana watoto?"

Nikapiga picha ya lango, nikaituma Kanyigo pamoja na hilo swali. Jibu la sauti lilifika tukiwa bado barabarani, honi huku, jogoo kule:

"Sista, mwambie wanne, na mjukuu mmoja. Ngoja nikaite huyo mdogo naye aseme."

Kisha sauti ya mlango, na nyayo zinakimbia.